Chombo na Amana: Taarikhi ya Kuokoa Kumbukumbu Katika Vitongoji vya Dar es Salaam

Katika kazi zote za mikono zilizostawi katika vitongoji vya Dar es Salaam tangu mji huo ulipoanza kufurika nje ya mipaka ya Kariakoo, sioni iliyogeuza makusudio yake kwa kiasi kikubwa, tena kwa kimya kikubwa, kama kazi ya fundi wa vyombo vya umeme. Kwani fundi wa zamani aliitwa arudishe sauti katika redio iliyonyamaza, na mteja akisha kuridhika kwamba redio inasema hakuwa na dai jingine, ilhali mrithi wake wa leo, aketiye penye meza ya namna ile ile huko Mwananyamala au Tandika, huletewa kijisanduku cheusi chenye diski mbili au nne tumboni, akaambiwa na mwenyewe kwamba sanduku likifa na life, maadamu vilivyomo vitoke salama.

Mwanzo wa habari hii ni redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kusikika mwaka 1951, ikageuzwa kuwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965, baada ya uhuru na Muungano, ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Katika zama hizo hizo viwanja vilikuwa vikipimwa na nyumba kujengwa Magomeni, Temeke na Kinondoni, ambako makarani, wachukuzi wa bandarini, waashi na wachuuzi walihamia na jamaa zao, na redio ikiwa ya mbele miongoni mwa vitu vya fahari vilivyowekwa sebuleni. Sensa ya 1967 ilikuta Dar es Salaam ina watu 272,821. Ile ya 2022 ikakuta 5,383,728. Na mtu akitaka kujua kwa nini mafundi walitawanyika kutoka Kariakoo mpaka Manzese, Mbagala na Tegeta, hana haja ya sababu nyingine, kwa kuwa penye redio nyingi hapakosi redio mbovu, na mwenye redio mbovu hapendi kuibeba mwendo mrefu.

Fundi wa siku hizo alijifunza kwa kukaa ubavuni mwa fundi mkubwa, akimshikia taa na kumkunjulia nyaya, mpaka siku moja akaachiwa chuma cha kulehemu mkononi. Walikuwapo pia waliosoma, kwa kuwa Chuo cha Ufundi cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1957, na baadaye Chang'ombe, katika Temeke, pakawa mahali pajulikanapo kwa mafunzo ya ufundi stadi. Walakini wengi waliishika kazi kwa uanagenzi, na elimu yao ilikuwa ya sikio, jicho na pua, kwani transista iliyoungua ina harufu yake. Jambo la kuzingatia ni kwamba redio ilipokufa hapakupotea kitu ila redio yenyewe. Maneno na nyimbo vilikuwa vikipita hewani, na kumbukumbu zake, yaani hotuba za Mwalimu Nyerere pamoja na nyimbo za NUTA Jazz, Western Jazz na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, zilikuwa amana ya dola, zimezungushwa katika mikanda ya sumaku na kupangwa katika rafu za jengo la utangazaji kwenye Barabara ya Pugu, ambayo leo twaiita Barabara ya Nyerere. Raia alikuwa na chombo. Serikali ndiyo iliyokuwa na hazina.

Hali hiyo iliendelea kupita kiasi cha nchi nyingi nyingine, na sababu yake ni ya kisheria. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilikuwa imewekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini mwaka 1974, baada ya hesabu za serikali kuvurugika na fedha za kigeni kutumika bila faida iliyotarajiwa, ikatoka amri ya kuzuia kuingizwa nchini kompyuta na televisheni, amri ambayo haikulegezwa ila katika miaka ya 1980. Na televisheni Bara haikuanza mpaka 1994, ilhali Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi miaka ishirini kabla yake. Ikaja vita ya Kagera ya 1978 na 1979, ikaja dhiki ya fedha za kigeni, vipuri vikaadimika madukani kama sukari na sabuni. Fundi wa Temeke hakuwa na kapasita mpya wala rezista mpya, akawa hana budi kuvunja redio tatu zilizokufa ili moja ipate uhai. Dhiki hiyo, niionavyo, ndiyo chuo kikuu cha mafundi wetu, kwa kuwa iliwafundisha kutokutupa kitu na kutokuamini kwamba chombo kilichozimika kimekufa chote. Na mafunzo hayo mawili ndiyo yatakayotumika baadaye katika kuokoa data.

Kaseti ndiyo iliyogeuza mambo. Biashara ilipofunguliwa kuanzia 1984, redio kaseti zikaingia kwa wingi kutoka Dubai na Japani, na kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida wa Kinondoni akawa na uwezo wa kuitunza sauti nyumbani kwake: mawaidha ya shehe, taarabu ya harusi ya bintiye, salamu za ndugu aliyeko Maskati ambaye badala ya kuandika barua alinena mbele ya kinasa sauti na kutuma ukanda kwa msafiri. Ukanda ulipomezwa na mashine, mteja alikuja mbio na uso wake si wa mtu aliyeharibikiwa na redio. Fundi akajifunza kuufungua mwili wa kaseti, kuukata ukanda pale ulipokunjamana, kuunga kwa gundi nyembamba mno isiyokwaruza kichwa cha kusomea, na kuuhamishia katika mwili mwingine. Mashine ilikuwa pale pale, nzima. Kilichotengenezwa ni kumbukumbu. Sijui kama kuna aliyeitambua siku hiyo kuwa ni mwanzo wa kazi mpya.

Kisha zikaja kamera za video, na baada yake kompyuta za mtumba, na katika miaka ya 2000 Kinondoni na Sinza zikawa makao ya watengenezaji wa filamu za Kiswahili, wahariri wa video, watayarishaji wa muziki wa kizazi kipya na wapiga picha wa send-off na kitchen party, shughuli ambazo hapo kale zingeishia katika albamu ya picha thelathini na sasa zikawa zinazalisha saa nyingi za video kwa usiku mmoja. Mtu wa studio ndogo huko Mwenge au Mbagala Rangi Tatu alianza kwa kujaza diski moja ya nje, akanunua ya pili, ya tatu, mpaka droo ikajaa diski zisizo na majina. Ndipo aliposhauriwa anunue seva ndogo ya nyumbani, kijisanduku chenye diski kadha kinachochomekwa kwenye ruta, ambacho kompyuta zote za nyumbani au za studio hukiona na kuweka humo mafaili.

Chombo hicho kina nasaba ndefu. Diski ya kwanza ya kuuzwa, iliyotolewa na IBM mwaka 1956, ilikuwa na sahani hamsini, uzito uliozidi tani moja, na nafasi ya herufi milioni tano hivi, kiasi kisichotosha leo kwa picha mbili za simu. Mwaka 1988 wanazuoni watatu wa Berkeley, Marekani, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, wakaandika mpango wa kuziunganisha diski ndogo za bei nafuu zifanye kazi kama diski moja kubwa, hesabu zikipangwa kwa namna ambayo moja ikifa zilizobaki zaweza kuyatoa yaliyokuwamo. Mpango huo ukaitwa RAID. Mwaka 1991 Linus Torvalds wa Finland akaanza kuandika Linux, na kwa kuwa mfumo huo hauuzwi, watengenezaji wa seva ndogo, wengi wao wa Taiwan, wakauchukua na kuutia ndani ya visanduku vyao. Haya si mapambo ya hadithi. Lau visanduku hivyo vingekuwa na mfumo wa siri wa kiwanda, fundi wa Temeke asingekuwa na mlango wa kuingilia. Bali kwa kuwa ndani yake mna Linux ile ile aipatayo mtu yeyote bure, milki ya mteja husomeka hata nje ya sanduku lililoibeba.

Adui wa chombo hicho katika mji wetu ni umeme. Mji huu umepita katika migao mikubwa, ya 1992, ya 2006 wakati bwawa la Mtera lilipokaukiwa, na ya 2011, na baina ya migao hiyo kukatika kwa saa mbili tatu hakukuwa habari. Watu huulaani umeme unapokwenda, lakini kwa seva umeme unaporudi ndio wa kuogopwa zaidi, kwa sababu hurudi kwa kishindo, ukapanda na kushuka kabla haujatulia, na kama wakati wa kukatika diski zilikuwa katikati ya kuandika, hesabu za RAID huachwa nusu. Ongeza joto la Februari katika chumba cha bati, vumbi, na unyevu wa bahari unaozila pini za shaba pole pole. Kisha siku moja mwenye seva anaamka, anaona taa ya buluu inakonyeza bila kukoma au haiwaki kabisa, na miaka sita ya kazi imefungiwa ndani.

Hapo ndipo pana hatari kuu, na haitoki katika chombo. Yatoka kwa mwenyewe, ambaye kwa hofu huzima na kuwasha mara kumi, au huzichomoa diski bila kuandika ipi ilikaa wapi, au huichomeka mojawapo katika kompyuta ya Windows, ikamwuliza kama anataka kuifomati, naye akakubali. Fundi ajuaye kazi yake huanza kwa kumwuliza mteja amefanya nini tangu chombo kizimike, na kumtaka aseme kweli, kwa kuwa jibu hilo lina thamani kuliko vipimo vyote vitakavyofuata. Kisha huzipa diski namba kwa kalamu ya wino mzito, ya kwanza, ya pili, ya tatu, kabla hajaitoa hata moja.

Mambo mengi huishia kwenye chaja. Ile adapta ya volti 12 ikaayo sakafuni nyuma ya kabati, ikipokea kila msukosuko wa umeme, kapasita zake huvimba. Ukiipima ikiwa peke yake husoma volti kamili, lakini ukiibebesha mzigo wa diski nne huanguka, na sanduku halina nguvu ya kuwaka. Kwa hiyo fundi huipima chini ya mzigo. Ikiwa chaja ni nzima, huziondoa diski zote na kuliwasha sanduku tupu: likiwaka, maradhi yamo katika diski, kwani seva nyingi huweka nakala ya mfumo wao katika sehemu ndogo ya kila diski, na diski moja mgonjwa yaweza kuwazuia wazima wote; lisipowaka, maradhi yamo katika sanduku, na hiyo, ijapokuwa mteja hulia aisikiapo, ndiyo habari njema, kwa kuwa diski zenyewe huenda ni nzima.

Katika maradhi ya sanduku upo mfano mmoja ambao mafundi wa dunia nzima wanaujua. Mwanzoni mwa 2017 Intel ilitangaza kasoro katika chipu zake za Atom C2000, ambapo njia ya umeme inayobeba mapigo ya saa ya chipu hudhoofu kadiri miezi ipitavyo, mpaka siku moja mashine ikizimwa haiwaki tena. Na seva ndogo nyingi za chapa mbalimbali zilikuwa na chipu hiyo. Dawa waliyoigundua watu wenye chuma cha kulehemu ilikuwa rezista moja ya omu 100, kitu cha shilingi chache, kuunganishwa baina ya pini mbili za ubao ili kuyainua yale mapigo yaliyodhoofu, na mashine iliyohesabiwa kuwa takataka ikaamka kwa muda wa kutosha kunakili kila kitu. Hapo naona ukoo wa kazi ulivyo mmoja: fundi aliyelelewa katika kuvunja redio tatu kuhuisha moja hakuhitaji kufundishwa thamani ya rezista.

Sanduku likikataa kabisa, kazi huhamia kwenye diski zenyewe, na hapa tabia ya fundi huonekana kuliko ujuzi wake. Sharti ni kutoandika chochote juu ya diski ya mteja. Huzichomeka katika kompyuta inayowaka kwa flashi yenye Linux, akaagiza zikusanywe kwa kusomwa tu. Kila diski imebeba kumbukumbu ya nafasi yake katika jamaa, hivyo aghalabu hujitambua zenyewe. Lakini diski ikianza kugota, tik tik tik, au kusoma kwa kujikokota, hakuna kukusanya kwanza. Huinakili diski ile dhaifu nzima kwenye diski mpya kwa programu ya ddrescue, iliyotolewa na Antonio Diaz Diaz mwaka 2004, ambayo busara yake ni kupita kwanza kwenye sehemu nzima na kuzichukua upesi, ikiruka zilizooza, kisha kuzirudia zilizooza mwishoni kwa subira, ikijiandikia daftari la ilipofika ili umeme ukikatika isianze upya. Diski ya terabaiti nne yaweza kuchukua siku kadha. Na wakati huo mteja hupiga simu asubuhi na jioni: “Fundi, vipi?” naye hujibu, “Inaendelea, dada,” wala hamuahidi kitu asichokiona.

Diski ikigota toka mwanzo hata isitambulike, aghalabu kichwa chake cha kusomea kimekwisha kuharibika, na hapo mkweli husema kwamba kazi hiyo ni ya chumba kisicho na vumbi na vyombo asivyokuwa navyo, akaifunga diski ndani ya mfuko wake na kuirudisha. Wapo waifunguao hapo hapo mezani, mbele ya feni, kwa kujaribu bahati. Hao huangamiza mali ya watu, nami sioni neno la upole la kuwaelezea.

Kwa kuwa kinachookolewa si chombo bali yaliyomo, fundi amejikuta amekuwa mwekwa amana kwa namna ambayo fundi wa redio hakupata kuwa. Redio haikuwa na siri. Seva ina picha za watoto, hati za viwanja, mikataba, mazungumzo ya mke na mume, matokeo ya vipimo vya hospitali; na fundi hana budi kuyafungua baadhi yake ili ajue kama yamepona. Mafundi wenye haya hufungua picha mbili tatu mbele ya mteja, wakamwachia yeye kuendelea, kisha nakala iliyobaki katika kompyuta yao wakaifuta mbele ya macho yake. Desturi hiyo ilikuwapo kabla ya sheria; Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na imeyapa nguvu ya dola mambo ambayo waungwana wa kazi hiyo walikuwa wakiyafanya kwa adabu tu.

Nayo mapokeo ya kuokoa kwa nakala ni ya kale sana katika mwambao huu. Taarikhi ya masultani wa Kilwa, iliyokuwa mji mkubwa kabla Wareno chini ya Francisco d'Almeida hawajaupora mwaka 1505, haikutufikia kwa maandishi yake ya asili, ambayo yamepotea. Imetufikia kwa njia mbili zisizotegemeana, moja ikiwa muhtasari wa Kireno alioutia João de Barros katika kitabu chake cha 1552, na nyingine ikiwa nakala ya Kiarabu iliyomfikia John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar, mwaka 1877. Zinahitilafiana hapa na pale, na wanataarikhi wamezilinganisha moja dhidi ya nyingine kujaza mapengo. Lau zote mbili zingalikaa katika nyumba moja huko Kilwa, tusingekuwa na hata moja. Hata ile hazina ya Barabara ya Pugu, kwa miaka mingi ikikaa katika jengo moja juu ya mikanda inayochakaa, ilikuwa katika hatari hiyo hiyo, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2010 walipojitokeza watu wa Tanzania Heritage Project kuchangisha fedha ili nyimbo zile zihamishiwe kwenye kompyuta.

Ndiyo maana naona ni wajibu kulisema wazi lile ambalo wauzaji hawalisemi dukani: diski nne ndani ya sanduku moja ni nyumba moja. RAID humkinga mtu na kifo cha diski moja, pengine mbili. Haimkingi na moto, wala na mwizi, wala na umeme uliorudi kwa kishindo ukazipiga zote kwa pamoja, wala na mkono wake mwenyewe uliofuta faili. Tena diski zilizonunuliwa siku moja, za chapa moja, zikatumika saa sawasawa, huelekea kufa zikifuatana, na wakati wa kuijenga upya iliyokufa, zilizobaki hukamuliwa usiku na mchana kusoma kila herufi, na mara nyingi huo ndio usiku wa kufa ya pili.

Ikitokea hivyo kwa mwenye studio ya harusi, njia haijafungika yote. Kila harusi aliyoipiga picha imekwisha kutolewa kwa wenyewe, kwa DVD zama zile, kwa flashi sasa, na wenyewe wametawanyika Yombo, Kimara, Kigamboni, Bunju, pengine hata Dubai na Minneapolis. Fundi mwenye akili humshauri afungue daftari lake la malipo, ambalo kwa kawaida ni la karatasi na limesalimika, aanze kuwapigia simu mmoja mmoja, kuanzia wa zamani kabisa, kwa sababu DVD za kuchoma huchakaa nazo na muda wake unakwisha. Awaombe wamwazime nakala ya kabatini ainakili, na kama fadhila awarudishie pamoja na flashi mpya. Wenye kufanya hivyo hupata nyingi kuliko walivyodhani, zikiwa zimebanwa na kupunguzwa ubora, lakini bibi harusi yupo, na mama yake aliyekwisha kufariki yupo, anacheza.